Nilipigwa kinyago, ndo nikaujua mpingo

Miaka kadhaa nyuma nilinunua kinyago cha ujamaa, si mnaijua ile nguzo ya watu waliobebana, jamaa akaniapia kabisa hii ni mpingo mtupu braza. Nikakipeleka sebuleni kwa madaha. Siku nakifuta vumbi na kitambaa chenye maji, kitambaa kikatoka cheusi tii. Kumbe dawa ya viatu! Chini yake mti mweupeee, sijui hata mti gani.

Nikakibeba hadi kwa mchongaji mmoja, mzee wa Kimakonde, akacheka mpaka akakaa chini. Akavuta gogo lake akalipiga tezo. Nje gome la kijivu, halafu safu nyembamba ya njano njano, ndani ndo kiini chenyewe, na hapo nilishangaa maana sio cheusi kama mkaa nilivyodhani, ukikielekeza juani unaona kauzambarau fulani na michirizi. Akatupia kipande kwenye ndoo ya maji, kikazama puu kama jiwe. "Mwanangu, mpingo haupakwi rangi, unapigwa msasa tu."

Na ukiukuta porini huko Kilwa huwezi kuudhania, mfupi, umepinda, una miiba, shina limegawanyika toka chini. Unakaa miaka 70 na zaidi ndo ufae kuvunwa, yaani unaoukata leo babu yako aliupita akiwa kijana. Huko Ulaya wanatengenezea klarineti na oboi, zile ala za muziki za kupuliza, maana mbao yake imeshikana sana, ina mafuta yake ya asili na haisumbuliwi na unyevu wa pumzi ya mpulizaji, ila wanataka kipande kisicho na ufa wala kifundo kwahiyo sehemu kubwa ya gogo inaishia kuwa taka, na hapo mi roho inaniuma kweli. Angalau toka 2017 kuuza mbao yake nje lazima uwe na vibali vya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kijiji cha Kikole hukohuko Kilwa kilishapata toka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, kwa kuvuna msitu wao kwa utaratibu. Mti ukiuzwa, hela inaingia kijijini, sasa nani atakubali ukatwe kiholela?

Mzee alinipa kile kipande cha kwenye ndoo, nakigandamizia makaratasi feni ikiwaka. Kinyago feki nacho bado kipo sebuleni, mgeni akikisifia nanyamaza tu.