Moyo wangu umetulia, na sikupigwa eksirei hata moja

Leo siku ya tisa tangu nitoke hospitali, na moyo haujanienda mbio hata mara moja. Kwa miaka sita ulikuwa unanianza ghafla, nimekaa tu, mapigo 190 kwa dakika, blauzi inacheza kifuani.

Tiba yake ni kuichoma njia ya ziada ya umeme iliyomo moyoni, inayoleta hizo mbio. Nilichoogopa ni mionzi ya eksirei, maana bado natamani kuzaa. Daktari akanieleza inawezekana bila mionzi kabisa: katheta, ile mirija myembamba, inapitia mshipa wa kinenani hadi moyoni, ikiongozwa na ramani ya moyo inayojichora kwenye skrini, pamoja na altrasaundi ndogo iliyoingizwa humo humo moyoni.

Nilikuwa nusu macho. Chumbani hakuna aliyevaa yale makoti mazito ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi! Wakayaamsha mapigo mabaya makusudi, wakaitafuta ile njia ya ziada ya umeme, wakaichoma. Kifua kikapata moto kidogo, kisha nikasikia, “Imekatika.” Machozi yalinitoka.

Kilichonichosha ni kulala chali saa kadhaa, mguu umenyooka. Kinenani bado pana alama ya damu iliyovilia.

Kama nawe moyo unakuenda mbio hivi, muulize daktari wako kama njia hii inakufaa. Si kila hospitali inayo.