Wiki tatu za mwisho Leipzig: akaunti niliyoifunga mapema mno na chupa nilizozipuliza

Ushauri ulitoka kwa kaka mmoja aliyenitangulia Ujerumani kwa miaka miwili. "Dogo, benki za kule usumbufu mtupu. Funga akaunti mapema, wiki za mwisho ule bata." Nikamwamini, si ameshaenda na kurudi? Nilikuja kujua baadaye kwamba mwenzangu alikuwa akikaa kwa shangazi yake. Hakuwa na mkataba wa chumba, wala amana, wala barua hata moja iliyokuja kwa jina lake.

Mimi nilikuwa na vyote. Semesta mbili za kubadilishana wanafunzi, kuanzia Oktoba 2024, nikapanga chumba kwenye fleti ya watu watatu: mimi, Mhispania mmoja na Mkenya wa Kisumu. Vipindi viliisha Julai, ndege yangu ilikuwa mwanzoni mwa Agosti. Basi katikati ya Julai nikaenda zangu benki, nikatoa salio lote, nikafunga akaunti, nikarudi natembea kama mtu aliyelipa madeni yote ya ukoo. Njiani nikapitia madukani nikanunua zawadi. Nyumbani walishatuma oda: viatu namba 42, manukato, na mjomba aliyetaka "kasimu tu, hata kama kametumika".

Siku mbili baadaye nikamuuliza mwenye nyumba nitapewa lini amana yangu, ile wanayoiita Kaution. Zaidi ya euro 400! Nilidhani atanihesabia mkononi siku ya kukabidhi funguo, kama mama mwenye nyumba wa Sinza, Dar. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba huingizwa benki, wiki kadhaa baada ya kuhama, wakisharidhika na hali ya chumba. Niandike namba ya akaunti hapa chini.

Nilikaa kwenye ngazi kwanza.

Mkenya ndiye aliyeniokoa. Yeye alikuwa anabaki mwaka mwingine, akakubali iandikwe namba yake. Nikamwambia tuandikishane, akacheka hadi akakohoa: "Sasa nikikula pesa yako utanishtaki wapi, Ubungo?" Lakini aliandika, akasaini, na Septemba ikanidondokea M-Pesa. Ilipungua kama euro 40. Kule bafuni kulikuwa na madoa meupe kwenye kioo cha bafu la mvua ambayo mwaka mzima niliyaona kama pambo la kioo, kumbe ni chokaa ya maji. Siki ya euro moja ingeyatoa.

Sasa nina wiki mbili na ushee mbele yangu, noti za kuhesabu, na begi lisilo na mizani. Hapo ndipo nilipoingia biashara ya chupa.

Ujerumani ukinunua soda ya chupa ya plastiki ya kutumika mara moja au ya kopo unalipa senti 25 za ziada, Pfand, na unarudishiwa ukiirudisha chupa. Kila supamaketi kubwa ina mashine ukutani: unaingiza chupa kwenye tundu, inazungushwa ndani, inasomwa ile mistari myeusi, ukimaliza unabonyeza kitufe inatoka risiti unayompa mtu wa kaunta. Mwisho wa semesta tulichoma nyama Clara-Zetkin-Park, tukawa watu kama 30, kila mtu anaaga, kila mtu analia, na hakuna aliyekuwa na haja ya kubeba chupa. Mimi nilikuwa nahesabu. Ziliachwa 62 za plastiki, mbali na makopo na za bia.

Nikafanya walivyofanya mababu wote wa makopo Dar: nikazikanyaga. Si ndiyo akili? Chupa 62 zikiwa nzima zinajaza magunia, zikikanyagwa zinaingia kwenye mfuko mmoja wa takataka. Nikazikanyaga moja moja kwa kisigino, kwa ufundi, Mhispania ananiangalia bila kusema neno. Na makopo pia.

Kesho yake asubuhi nikafika kwenye mashine. Ya kwanza ikaingia, ikazunguka, ikatemwa. Ya pili ikatemwa. Nyuma yangu foleni ya watu sita. Ya tatu nikaigeuza, ikatemwa kwa mlio. Mashine haijui chupa iliyokunjamana, inataka mistari imenyooka na umbo la chupa. Nikatoka nje na mfuko wangu, nikakaa kwenye ukingo wa maua, nikaanza kuzipuliza.

Ndiyo, kwa mdomo. Unaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, unapuliza kama puto, chupa inalia *kwa-kwa-kwa* na kusimama, halafu unafunga haraka kabla haijanywea. Tatizo ni kifuniko. Tangu Julai 2024 sheria ya Ulaya inataka kifuniko kibaki kimeshikana na chupa, hakitoki. Kwa hiyo kila ukipuliza, kijifuniko kinakuchoma shavuni. Kufikia chupa ya kumi na tano nilikuwa na alama kama ya ndui.

Akaja mzee na baiskeli, mifuko miwili imening'inia huku na huku, mwokota chupa wa siku zote. Kwa wale wazee watu huziacha chupa kando ya pipa makusudi, wasihangaike kuchakura ndani. Nilijua kabisa nakula kwenye sahani yake. Akaniangalia nikipuliza tatu, akashindwa kuvumilia, akachukua moja na kunionyesha: kikunje kifuniko kirudi nyuma kabisa mpaka kitoe mlio, kitatulia chini kama mkia. Kisha piga pasi mistari kwa kidole gumba. Nikampa chupa zote za bia, zile za senti 8, nzito na bei hamna. Akachukua bila kushukuru sana. Nadhani aliona ni haki yake, na ilikuwa.

Zilipona 47. Euro 11 na senti 75. Makopo yote yalikufa. Nikanunua ile mizani ndogo ya kuning'iniza begi, ikabaki chenji kidogo.

Mambo ya karatasi niliyafanya vizuri, acheni nijisifu. Tiketi ya treni ya mwezi, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 58, ukitaka isiendelee unaisitisha kabla ya tarehe 10. Niliwahi tarehe 7. Kujiondoa kwenye daftari la wakazi, Abmeldung, hawakupokei zaidi ya siku saba kabla ya kuhama, basi nikaweka kengele kwenye simu. Cheti chake usikipuuze, maana ndicho kinachokutoa kwenye ada ya redio na televisheni, euro 18 na senti 36 kila mwezi kwa fleti, na ada ya fleti yetu ilikuwa kwa jina langu. Televisheni hatukuwa nayo. Hilo haliwahusu.

Mizigo: kilo 23 mara mbili, vitabu mifukoni mwa koti la baridi, koti mwilini, uwanja wa ndege wa Frankfurt, Agosti. Nililowa jasho.

Lakini ushindi wangu mkubwa ni muhuri. Matokeo ya kule hutumwa kwa barua pepe, na chini yameandikwa kwamba karatasi ni halali bila sahihi. Nikaiwazia karatasi hiyo imefika idarani kwetu nyumbani bila muhuri. Nikaichapisha, nikaenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, nikamwomba mama wa watu anigongee muhuri. Akauliza wa nini. Nikamwambia, "Mama, niamini tu." Akafungua droo tatu, akaupata, ukawa mkavu, akautemea pumzi, akagonga. Nikamwomba na nakala mbili.

Septemba nikaiweka mezani kwa sekretari wa idara. Akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya muhuri, akaigeuza karatasi kuangalia kama wino umepenya, akaiingiza kwenye faili. Alama hakusoma hata moja.