Suti za Mtumba Zilivyonilipia Ada ya Uwakili

Nilipohitimu shahada ya sheria Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2016, mjomba wangu wa Njombe alinipa ushauri ambao hadi leo unanikera: "Mpwa wangu, mkopo wa serikali haulipwi, unasahauliwa." Nilikuwa nadaiwa na Bodi ya Mikopo takriban milioni 14, sehemu kubwa ikiwa bumu, yaani posho ya kujikimu chuoni, nililolila bila hesabu, na mbele yangu kulikuwa na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, anakopita mhitimu wa sheria kabla ya kuwa wakili, yenye ada ya milioni moja na ushee. Adhabu ya wakati ule kwa aliyepitisha miezi 24 bila kuanza kulipa ilikuwa asilimia 10, kwa hiyo usahaulifu wa mjomba ungenigharimu milioni 1 na laki 4.

Kwa kuwa mwanasheria hakwepi suti nyeusi, nilikomba akiba yangu yote nikanunua belo zima la mtumba katika soko la Karume, ili niwauzie wanasheria, baada ya kuapiwa kwamba ndani ni suti tupu. Tulipokata kamba yalitoka makoti ya sufu, mazito kama magodoro, hamsini na kitu, nasi tuko Dar es Salaam katika joto la Januari. Nilikaa juu ya lundo lile nikacheka, kwa kuwa kulia kungewafurahisha wachuuzi.

Baada ya hapo nilidamka alfajiri na kuchagua suti moja moja mabelo yanapofunguliwa. Niliipindua kila suti nikapima upana wa mshono kwa kidole, kwani mshono mpana humwezesha fundi kuipanua, na wanasheria wenye vitambi hawabishani sana bei. Ada ikalipika kwa awamu.

Nilipoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa laki 7 ilikatwa kila mwezi, yaani 105,000, lakini tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, ilimeza zaidi ya nusu ya nilicholipa. Ndiyo maana faida ya suti niliipeleka moja kwa moja kwenye deni, bila kungoja makato. Tozo hiyo ilipofutwa mwaka 2021, salio langu lilianza kushuka kwa kasi ya kuonekana, na mwaka jana nikamaliza.

Yale makoti niliyapeleka Njombe mwezi Juni, wakati wa baridi kali, yakaisha kwa siku nne. Muuzaji alikuwa mjomba, na la kwake alilichagua kabla sijashuka kwenye basi.