Mkanda wa Ger na Kifungo cha Ukamilifu

Somo la juma: Wakolosai 3:12–15

Wapendwa katika Bwana, juma hili tunasoma maneno ambayo Paulo aliwaandikia watu wa Kolosai, tukiwa na nyumba moja mbele yetu: ger, hema ya duara ya wafugaji wa Mongolia. Siku hizi wageni wengi huilalia usiku mmoja au miwili wanapokwenda kupumzika katika hifadhi ya Gorkhi-Terelj, nje ya jiji la Ulaanbaatar. Paulo mwenyewe alikuwa fundi wa mahema (Matendo 18:3), kwa hiyo tukiisoma barua yake kwa jicho la fundi hatumwonei.

Ger ya kawaida ya familia ina kuta tano. Kila ukuta ni wavu wa fito za mierebi zilizopishana, na makutano yake yamefungwa kwa vipande vya ngozi, bila msumari. Ukiuvuta unatanuka, ukiusukuma unajikunja na kubebeka mgongoni mwa ngamia au, kama ilivyo sasa, kwenye lori. Katikati, juu, kuna duara la mbao liitwalo toono, ambalo hushikwa na nguzo mbili. Kutoka vichwani mwa kuta hadi kwenye duara hilo hupanda makombamoyo, yaani miti ya paa, 80 hivi: ncha ya juu huingia kwenye tundu la toono, na mguu wa chini huning'inizwa kwa kitanzi kwenye fito za ukuta. Kisha huja sufu ya kondoo iliyoshindiliwa kuwa mablanketi mazito, tabaka moja au mawili kiangazi, zaidi wakati wa baridi, na juu yake turubai jeupe. Ufundi huu uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2013.

Mgeni akiingia, macho huenda kwenye nguzo. Zimepakwa rangi ya machungwa na kuchorwa nakshi, na wenyeji wanaziheshimu: hupiti katikati yake, huziegemei. Ni rahisi kudhani ndizo zinazobeba nyumba.

Sivyo. Tazameni mpangilio wa kazi. Kwanza husimamishwa mlango, ukielekea kusini. Kuta hutandazwa kwa duara na kufungwa moja kwa nyingine, kisha kwenye miimo ya mlango. Hapo, kabla ya kombamoyo lolote kupanda, mkanda huzungushwa kwenye sehemu ya juu ya kuta, kutoka mwimo mmoja wa mlango hadi wa pili, na kukazwa. Ndipo toono huinuliwa juu ya nguzo na makombamoyo kuingizwa, kwa zamu pande zote ili duara lisielemee upande mmoja. Baada ya sufu na turubai, mikanda mingine miwili au mitatu huzungushwa kwa nje. Ile ya nje mgeni anaiona. Ule wa kwanza umefunikwa, na pengine hataujua kabisa.

Sababu yake ni hii. Paa lote linasukuma kuta kwenda nje. Kila kombamoyo linateremsha uzito wake kwa mshazari, na fito za ukuta, kwa kuwa ziliumbwa kutanuka, ziko tayari kutii. Mkanda ukilegea, kuta hutanuka chini ya paa, toono huelemea upande, makombamoyo huanza kuchomoka kwenye matundu yake. Nguzo mbili haziwezi kuzuia jambo hilo. Wakirgizi na Wakazaki hujenga hema za aina hii zenye makombamoyo yaliyopindwa na duara jepesi zaidi, na kwa kawaida hazina nguzo hata moja katikati, nazo zinasimama. Isiyo na mkanda haisimami.

Linganisheni sasa na somo. Paulo anataja rehema, utu wema, unyenyekevu, upole, uvumilivu, kisha anasema, "Zaidi ya hayo yote jivikeni upendo, ndio kifungo cha ukamilifu." Lakini msiuruke mstari wa 13: "mtu akiwa na sababu ya kumlaumu mwenzake". Hasemi lawama ni za uongo. Anakubali kwamba sababu ipo, kama vile paa linavyosukuma kweli. Mkanda hauondoi msukumo. Unaushika, na nyumba inakakamaa kwa sababu vyote viwili vipo. Ushirika ambao hakuna anayemsukuma mwenzake mara nyingi ni ushirika ambao watu wamekwisha kuacha kuzungumza.

Upepo wa nyika unatufundisha jambo gumu zaidi. Katikati ya toono huning'inia kamba ambayo siku za utulivu huchomekwa kwenye makombamoyo. Dhoruba ikija huvutwa chini na kufungwa jiwe au mzigo mzito, ili paa lisinyanyuliwe. Ni hekima, ila uzito huo nao unazidisha msukumo wa nje. Kwa hiyo mwenye ger hukagua mikanda pia. Makanisa yetu hupenda jiwe: matatizo yakija tunaongeza mkesha, kamati, michango. Mzigo juu ya mkanda uliolegea huharakisha anguko.

Kwa wanaopanga safari yenyewe: hata Julai beba sweta na tochi, maana choo kiko nje na usiku ni baridi. Usikanyage kizingiti, na ukiingia elekea kushoto, upande wa wageni. Jiko la chuma hupasha ger haraka kwa kuni chache, lakini halitunzi joto. Moto hufa kabla ya alfajiri, basi weka kuni ndogo karibu. Usitupe takataka motoni, ni kuuvunjia heshima moto wa mwenyeji. Wala usizibe toono lote jiko likiwaka, hata mvua ikinyesha: dohani hupitia hapo, na hewa ya sumu ya moto haina harufu. Mlango ni mfupi, utainama. Mahubiri ya kuinama mnayajua, tuyaache.

Usiku wa kwanza, kabla ya kulala, mwombe mwenyeji akuonyeshe mahali mkanda wa ndani unapofungwa kwenye mwimo wa mlango, uuguse.

Na kwa tunaobaki nyumbani, kazi ya juma ni moja. Kabla kikundi hakijapanga ibada nyingine ya ziada, wazee wawataje kwa Mungu wale wawili wasiosalimiana, wanaokaa pande mbili za kanisa kila Jumapili, na Jumamosi waende kwao, nyumba kwa nyumba, wamsikilize kila mmoja sababu yake ya kulaumu mpaka aimalize.