Mguu wa Baba umepona, ufunguo haushiki

Majirani zetu hapa Likoni wanadhani Baba aliacha kuendesha gari kwa sababu ya mguu. Mguu umepona. Alfajiri anakwenda msikitini bila mkongojo.

Kiharusi kilimlegeza upande wa kushoto, na kwa magari yetu ndio upande wa kazi: mkono wa gia, mguu wa klachi. Basi kila aliyekuja kumwangalia alileta dawa ileile, "Mnunulieni otomatiki." Kaka yangu akaanza hata kuulizia bei.

Aliyegundua jambo lenyewe ni Mama. Baba alikuwa akila wali wa upande wa kulia wa sahani, kisha anauliza samaki yuko wapi, na samaki yupo palepale kushoto! Mama akawa anaizungusha sahani. Daktari wa mazoezi alipoambiwa alitueleza kwamba kiharusi kikipiga ubongo upande wa kulia, macho yanaweza kuwa mazima na bado akili ikausahau upande wa kushoto, tena mgonjwa mwenyewe asitambue. Na Kenya tunaendesha kushoto. Ukingo wa barabara uko huko, na watoto wa shule, na muuza mihogo, na bodaboda anayejipenyeza bila haya.

Uingereza mtu akipata kiharusi haruhusiwi kuendesha gari kwa angalau mwezi 1. Baba hakukatazwa na yeyote. Miezi ikapita, sahani akawa anaimaliza, tukajua sasa atarudi barabarani.

Siku hiyo tulivuka feri, kaka kwenye usukani, Baba kando yake. Watu wanamiminika na mikokoteni, lori nyuma linapiga honi, mfanyakazi wa feri anapunga mkono sogea, sogea. Baba kimya. Tulipofika ng'ambo akasema, "Zamani haya nikiyafanya huku napiga soga. Sasa ingebidi niyafikirie moja moja."

Ufunguo hajaushika tena.

Kaka anataka gari liuzwe. Mimi sitaki. Kinachomuumiza Baba ni kuomba. Mtu aliyekuwa akiwapeleka wake za majirani kujifungua usiku wa manane hajui kusema "nipelekeni". Kwa hivyo Alhamisi ni yake, awe na safari asiwe nayo, mimi ndiye dereva. Juzi alitaka Kongowea, kununua nazi. Alizigonga zote, akabishana na muuzaji mpaka wakacheka, tukarudi mikono mitupu. Ati ni ghali.