Sifa Mia Mbili za Vibandiko

Agosti mwaka jana nilishinda mnada wa lenzi ya milimita 50 katika kundi moja la simu ambamo wapiga picha wa Nakuru, Kisumu na Eldoret huuziana vifaa vilivyotumika. Utaratibu wa kundi hilo ni mwepesi: muuzaji huweka picha na bei ya kuanzia, watu hupandisha dau hadi saa tatu usiku, na mwenye dau la juu huchukua. Dau langu la shilingi 14,000 halikupandiwa na mtu yeyote, jambo ambalo lingepaswa kunishtua, kwa kuwa lenzi ya aina ile ikiwa nzima haikosi wagombea. Muuzaji alisema yuko Kisumu, karibu na soko la Kibuye, na kwamba mzigo ungepanda matatu ya alfajiri mara tu nitakapotuma malipo ya awali ya shilingi 5,000.

Nilipoingiza nambari yake kwenye M-Pesa, jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, ilhali niliyezungumza naye jioni nzima alikuwa mwanamume wa sauti nzito. Akanieleza kwamba laini ni ya mkewe. Kwa kuwa hata mimi hutumia laini ya mke wangu simu yangu ikizima, niliyakubali maelezo hayo na kuingiza nambari ya siri. Kesho yake akaniandikia kwamba ofisi ya matatu inadai shilingi 1,500 za bima kabla ya kupokea mzigo. Hapo ndipo nilipompigia mpwa wangu anayeishi Kondele, nikamwomba afike mahali nilipoelekezwa.

“Mjomba,” akaniambia baada ya nusu saa, “hapa kuna fundi wa baiskeli na mama anayeuza omena. Nimewauliza wote wawili. Habari za lenzi hawazijui.”

Fedha zilikuwa zimekwisha kutolewa. Ule utaratibu wa kupeleka ujumbe wa malipo ya M-Pesa kwa nambari 456 ili fedha zirudishwe unamfaa aliyekosea nambari na kugundua mapema; aliyetuma kwa hiari yake, kwa mtu aliyekwisha kuzichukua, hana la kutarajia huko.

Rafiki zangu waliposikia, karibu wote waliniambia jambo moja: ningenunua eBay, mnada wa mtandaoni ambako muuzaji ana sifa zake hadharani. Nikaenda eBay, na ndiko nilikojifunza kwamba sifa nazo zina namna yake ya kusomwa. Mnada huo ulianzishwa mwaka 1995 na Pierre Omidyar huko California, na mwaka uliofuata akaongeza mahali pa wanunuzi na wauzaji kuandikiana maoni, kwa sababu watu wasiojuana walikuwa wakitumiana fedha na bidhaa bila shahidi. Hesabu yake ni rahisi: oni zuri huongeza moja, baya hupunguza moja, la katikati halibadilishi kitu. Asilimia unayoiona pembeni ya jina huhesabiwa kwa miezi 12 iliyopita tu, kwa hiyo mtu aliyefanya biashara chafu miaka mitatu iliyopita anaweza leo kung’aa kwa asilimia 100.

Kwa miaka mingi pande zote mbili ziliweza kupakana matope. Mnunuzi aliyelalamika alijua kwamba muuzaji atamrudishia oni baya, basi wengi wakanyamaza au wakasifu wasichokipenda. Mwaka 2008 eBay ikawazuia wauzaji kuwaandikia wanunuzi maoni mabaya. Mimi naona uamuzi huo ulikuwa wa haki, ingawa wauzaji waliupinga vikali, kwani anayetuma fedha kwanza ndiye anayebeba hatari kubwa zaidi.

Mtafiti Paul Resnick na wenzake waliwahi kulipima jambo hili kwa kadi za posta za zamani. Muuzaji mmoja mzoefu aliuza kadi zinazolingana kwa jina lake lenye sifa na kwa majina mapya yasiyo na historia, na ikaonekana kwamba wanunuzi walikuwa tayari kulilipa jina lenye sifa takriban asilimia 8 zaidi. Maana yake ni kwamba sifa ni mali, na mali yoyote yenye bei hapakosi wa kuighushi.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Nilimpata muuzaji mwenye maoni 212, yote mazuri, anayenadi lenzi niliyoitaka kwa bei ya chini kabisa. Badala ya kuishia kwenye ile namba, nikafungua maoni yenyewe na kuyasoma moja baada ya jingine. Zaidi ya nusu aliyapata akiwa mnunuzi: kumsifu mtu kwa kulipa haraka si ushahidi kwamba anajua kuuza. Yaliyosalia yalitokana na vibandiko vya kupamba simu, vya dola moja au mbili, vilivyouzwa kwa wingi katika kipindi kifupi. Baada ya hapo palikuwa na ukimya wa miezi kadhaa, kisha ghafla lenzi sita za bei ghali kwa siku moja, zote mnada wake ukifungwa jioni ileile. Sikumshtaki kwa mtu, maana huenda alirithi kabati la babu yake. Nilipita.

Swali ninalouliza sasa, kwa hiyo, si kama muuzaji anasifiwa, bali kama amewahi kuuza kitu kinachofanana na hiki, kwa bei inayokaribia hii, na hivi karibuni. Aliyeuza lenzi 15 na kupata oni baya moja, akalijibu kwa adabu na kurudisha fedha, ananipa utulivu kuliko huyo wa vibandiko na asilimia yake 100.

Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi tulio mbali. Wauzaji wengi wa Marekani hawatumi mizigo Kenya, basi watu hutumia anwani ya wakala wa usafirishaji aliyeko huko, naye huuleta mzigo Nairobi. Dhamana ya eBay ya kumrudishia mnunuzi fedha hukoma pale mzigo unapotoka kwenye anwani ya kwanza kwenda nyingine. Ukifungua boksi Nakuru ukakuta kioo kimeota ukungu, ni wewe na wakala wako. Nilipopiga hesabu ya hatari hiyo pamoja na nauli na ushuru, nikarudi kwenye kundi letu la simu.

Huko hakuna maoni ya kuhesabu, lakini kuna jambo ambalo muuzaji wa kweli hulifanya kwa dakika chache na tapeli hawezi: kupiga picha mpya. Namwomba muuzaji aiweke lenzi juu ya gazeti la siku hiyo, kisha aielekeze kwenye tochi ya simu na kupiga picha kupitia kioo, kwa sababu ukungu na mikwaruzo hujificha kwenye mwanga wa kawaida na kujitokeza kwenye mwanga wa nyuma. Mmoja aliniambia namsumbua. Mwingine alinitumia picha ya lenzi juu ya kitambaa, bila gazeti, ileile aliyokuwa ameitundika tangu mwanzo.

Wa tatu alikuwa Eldoret. Alichelewa kujibu kwa saa mbili, akaomba radhi kwamba alikuwa harusini, halafu akatuma picha nne: lenzi juu ya Taifa Leo ya asubuhi hiyo, tarehe ikisomeka. Katika picha ya tatu alikuwa amechora duara jekundu ambalo sikumwomba. “Hapa pana mkwaruzo kwenye pete ya kulenga,” aliandika, “hauharibu picha utakazopiga, lakini usije ukadhani nimekuficha.” Jina la M-Pesa lilikuwa lake. Nilimlipa shilingi 16,500, ambazo ni zaidi ya dau lililonitia hasarani, na siku ya pili nikachukua mzigo kwenye ofisi ya matatu hapa mjini bila kudaiwa bima yoyote. Nilipitisha ukucha kwenye pete nikaupata mkwaruzo, palepale alipouzungushia duara.