Barua ya Kurudi Mwaka 1996

Kwa miezi minne sasa ninaandika hadithi ya binti wa Mwanza ambaye, mwaka 2016, anafungua sanduku la posta la zamani la baba yake mjini Bukoba, anaacha barua ndani, na barua hiyo inamfikia baba mwenyewe miaka ishirini nyuma, siku chache kabla ya safari ya MV Bukoba. Meli hiyo ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Barua inamwomba baba kwanza kabisa asisafiri.

Aliyewahi kutunga hadithi ya namna hii anajua inapokwama. Baba akitii, binti hana msiba; asipokuwa na msiba, haandiki barua; asipoandika, baba anapanda meli.

Nilijaribu kwanza njia ya ulimwengu unaogawanyika, inayotokana na wazo la Hugh Everett, mwanafizikia wa Marekani, la mwaka 1957, kwamba kila tokeo linalowezekana hutokea katika tawi lake. Kimantiki haina kasoro, lakini binti aliyeandika barua anabaki yatima vilevile, na anayepata baba ni binti mwingine ambaye msomaji hamjui. Niliiacha.

Nikaegemea kanuni ya Igor Novikov, mwanafizikia wa Urusi: ujumbe ukiweza kurudi nyuma, basi tayari umo ndani ya yale yaliyotokea, na hauwezi kuyatangua. Kwangu hii ni heshima pia, kwa kuwa sina haki ya kuiopoa meli kwenye karatasi wakati kuna watu ambao ndugu zao hawakurudi. Nilichukua karatasi ya manila, nikachora mstari katikati. Kushoto niliandika anachokijua binti kwa hakika: meli ilizama, baba hakurudi, mwili haukupatikana. Kulia niliandika anachokiamini bila kukiona: baba alikuwa melini. Upande wa kulia ulikuwa na neno moja tu la kutilia shaka, na historia yenyewe inaliruhusu, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuandikishwa majina.

Kwa hiyo baba hakupanda. Lakini mbona alikaa kimya miaka ishirini? Jibu nililiweka katika sentensi ya mwisho ya barua: "Usirudi nyumbani mpaka siku nitakayoiandika barua hii, maana ukirudi mapema sitaiandika." Hapo fumbo la kimantiki liligeuka kuwa mateso ya mzazi, na ndipo nilipoipenda hadithi hii kweli.

Kulikuwa na kosa moja zaidi. Katika rasimu ya awali baba alimrudishia binti barua ileile ili ainakili, na nilipoisoma upya niliona kwamba maneno yake hayakutungwa na mtu yeyote, yalizunguka tu. Sasa binti anaitunga mwenyewe, kwa matumaini, bila kujua kama baba yu hai.

Tukio la kukutana kwao lazima lije baada ya sanduku kufungwa. Hata saa moja kabla ingeharibu kila kitu. Baba anamsubiri nje ya posta, mkononi ana karatasi iliyopauka na kuchanika kwenye mikunjo, na wino wa barua hiyohiyo bado haujakauka kwenye kidole cha binti.